Eastlands ijengwe juu, viwanja vibaki

Mtaa wa zamani wa Pangani, Nairobi, ulikuwa na nyumba 48 za baraza la jiji. Leo pale pale pamesimama maghorofa yenye nyumba 1,562. Ardhi ni ile ile, hatua chache kutoka barabara ya Thika, na nafasi ya familia kuishi imeongezeka zaidi ya mara 30. Anayeunga mkono mpango wa serikali wa nyumba za gharama nafuu anaweza kuanza na kumaliza hoja yake kwa hesabu hiyo. Anayeupinga naye anaishika hesabu iyo hiyo na kuuliza watoto wa familia zote hizo watachezea wapi.

Niseme mapema ninakosimama. Naunga mkono kujenga kwenda juu katika mitaa ya zamani ya kaunti, hasa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji. Ninachokataa ni kuuhesabu uwanja wa wazi kama ardhi iliyolala bure.

Mradi wa Pangani ulianza enzi ya Uhuru Kenyatta, alipoahidi nyumba 500,000 nchini. William Ruto alipoingia akaweka lengo la nyumba 200,000 kila mwaka, na mara hii akatafuta fedha mifukoni mwa wafanyakazi wenyewe. Mahakama Kuu iliiharamisha tozo ya kwanza Novemba 2023, lakini Machi 2024 Rais akatia saini Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu na makato yakarudi: asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato mengine, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kwa hiyo suala hili si la wakazi wa mtaa mmoja. Mwalimu anayefundisha Turkana anachangia, na ana haki ya kuuliza kinachojengwa Nairobi ni mtaa wa kuishi watu au ni vyumba tu.

Tuanze na upande wa wanaojenga, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko wakosoaji wengi wanavyokubali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini, na karibu kaya tisa kati ya kumi zilikuwa zinapanga. Kwa miongo mingi serikali haikujenga nyumba za kuwatosha watu hawa, na soko halikungoja. Nenda Pipeline, kule Embakasi, uone lilichojenga. Majengo ya ghorofa saba na nane yamebanana hivi kwamba jirani wa ploti ya pili unaweza kumpa kiberiti kupitia dirishani. Vyumba vya chini huwasha taa saa sita mchana. Nguo zinaanikwa kwenye korido na juu ya paa, na paa hilo hilo ndilo uwanja wa watoto, keateka, yaani msimamizi wa jengo, asipowafukuza. Miti hakuna. Hakuna mwanaharakati aliyeandamana kutetea bustani ya Pipeline kwa kuwa bustani haikuwahi kuwepo hata kwenye mchoro. Kila mwenye ploti alijenga mpaka ukingo wa ardhi yake. Huo ndio mji tunaoupata serikali ikikaa pembeni, na anayetaka mpango huu usimamishwe kabisa anadaiwa jibu kuhusu mpangaji wa Pipeline.

Kuna pia suala la umbali. Asubuhi na mapema barabara zinazoingia Eneo la Viwanda hujaa watu wanaotembea kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, kwa sababu nauli ya matatu kila siku ingemaliza pesa ya unga. Mtu huyo ukimjengea nyumba nzuri kule mbali Ruai au Konza umempa paa na kumnyang'anya kazi. Nyumba 13,248 za mradi wa Mukuru, ambazo za kwanza zilikabidhiwa wenyewe Mei 2025, zimewekwa pale pale kazi ilipo, na kwangu hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika mpango mzima. Wapenda mazingira nao wanapaswa kulitafakari hili: mji usiopanda juu hutambaa kando, na Nairobi imeshameza mashamba mengi ya Kiambu na mbuga za Kajiado.

Sasa upande wa pili. Bei ya nyumba nafuu inategemea sana kwamba mjenzi hanunui ardhi. Serikali au kaunti inatoa ardhi ya umma kama mchango wake, na bei inashuka. Ardhi ya umma iliyobaki katikati ya jiji ni ipi? Ni mitaa ya zamani ya baraza na ya reli, pamoja na viwanja vilivyo ndani yake. Ekari moja ya Kilimani ina bei ambayo kila mtu anaiogopa. Ekari ya uwanja wa mpira Eastlands kwenye vitabu vya mradi ni sifuri. Kitu kilichoandikwa sifuri hakuna anayekitetea hesabu zikipigwa, na hiyo ndiyo sababu viwanja vinaliwa bila hata mtu mmoja kuwa na nia mbaya.

Hasara hiyo haiwaangukii watu wote sawa. Tazama ramani ya kijani ya Nairobi. Msitu wa Karura unapakana na mitaa ya matajiri ya Muthaiga, Gigiri na Runda. Arboretum iko karibu na Ikulu. City Park iko Parklands, na msitu wa Ngong Road uko upande wa magharibi. Mipango ya kikoloni iliwatenga watu kwa rangi na kuwapa Wazungu vilima vyenye miti, na mstari ule haujafutika. Upande wa mashariki hakuna msitu wala bustani kubwa. Kuna viwanja vya mitaa tu, kama Camp Toyoyo pale Jericho. Uwanja kama huo hutumika asubuhi kwa mazoezi, mchana kwa watoto wa shule, Jumapili kwa maombi, na wakati wa msiba ndipo hema la matanga linaposimamishwa. Mkazi wa Runda akipoteza uwanja mmoja ana mwingine nyuma ya ua wake.

Wanairobi wanajua kutetea nafasi za wazi. Wangari Maathai alilizuia jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa Uhuru Park mwaka 1989, akaipigania Karura miaka kumi baadaye hadi akapigwa na kuumizwa. Jeevanjee Gardens, bustani ya katikati ya jiji, nayo iliponea mapema miaka ya 1990. Ushindi huo wote, hata hivyo, ulikuwa wa sehemu zenye jina na historia. City Park ilitangazwa turathi ya kitaifa mwaka 2009. Kiwanja kilichoko nyuma ya ukumbi wa mtaa hakina tangazo la gazeti rasmi. Mara nyingi hakina hata hati yake peke yake, ni sehemu ya ploti kubwa ya mtaa. Tingatinga likifika hakuna cha kuonyesha mahakamani isipokuwa kumbukumbu za wazee.

Lakini watetezi wa mitaa ya zamani nao wana neno la kujibu, na mara nyingi wanalikwepa. Chukua Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa mtindo wa mji wa bustani: nyumba za chini za mawe, paa za vigae, nyasi katikati, ukumbi wa mtaa ambamo siasa za uhuru zilichemka. Picha za zamani zinapendeza. Ukiingia leo utaona kwamba sehemu kubwa ya nyasi hiyo ilikwisha zamani. Mbele na nyuma ya nyumba za mawe kumeota vyumba vya mabati, kimoja kimegusa kingine, na mabomba ya maji yamepitishwa juu juu. Vyumba hivyo vilijengwa na wapangaji halali wa kaunti, na wanavipangisha. Kodi ya chumba kimoja cha mabati inaweza kuizidi kodi ambayo mpangaji mkuu anailipa kaunti kwa nyumba nzima. Ulaji wa nafasi ya wazi, basi, haukuanza na maghorofa. Mabati yalitangulia, na wengi wetu tuliokulia upande huu tulinyamaza kwa sababu kodi ile ililipia karo.

Na hapo ndipo penye dhuluma inayonisumbua kuliko zote. Mtaa unapoorodheshwa ili ubomolewe, jina linaloandikwa ni la mpangaji mkuu. Yeye ndiye anayeahidiwa pesa za kuhama na nafasi ya kurudi. Yule wa chumba cha mabati, ambaye huenda ameishi hapo miaka mingi na watoto wake wanasoma shule ya pale, hayumo kwenye orodha yoyote. Anaambiwa ahame kama mtu aliyekuja jana. Katika mitaa mingi ya Eastlands watu wa aina hii ndio wengi. Tukihesabu nyumba mpya bila kuwahesabu hao, tutakuwa tumeongeza paa huku tukisukuma familia kwenda mitaa ya mabanda ya Mathare au Mukuru kuanza upya.

Hata anayeingia kwenye orodha hana hakika. Kule Kibera, nyumba 822 za Soweto East zilikabidhiwa mwaka 2016, mpango wenyewe ukiwa umeanza 2004. Baadhi ya waliopewa walipangisha vyumba au nyumba nzima na kurudi vibandani, kwa kuwa kodi waliyopokea ilikuwa na faida kuliko starehe ya choo cha ndani. Siwalaumu. Mtu ambaye kipato chake hakitabiriki hufanya uamuzi wa aina hiyo. Sheria ya 2024 ilipoanza ilimtaka mwombaji atangulize asilimia 10 ya bei. Kwa nyumba ya shilingi milioni moja hiyo ni laki moja, na mama mboga mwenye laki moja mkononi ana mambo mengi yanayoisubiri. Sheria hiyo inatenga nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kipimo cha mpango ni kama watu hao bado watakuwa wanaishi humo miaka kumi baadaye.

Kando ya mito mambo yamegeuka: huko kijani ndicho kinachomfukuza mtu. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka mtoni, matingatinga yakaingia Mathare, na Rais akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia ikatafute makao. Machi 2025 ukazinduliwa mpango wa kuufufua Mto Nairobi, kilomita 27 kwa shilingi bilioni 50. Siwezi kupinga kuondoa watu kwenye njia ya maji. Maji yaliua watu. Wala si kweli kwamba maskini pekee ndio huguswa, kwani mwaka 2018 majengo ya biashara kama Ukay Centre, Westlands, yalibomolewa kwa sababu iyo hiyo. Tofauti ni kwamba mwenye jengo ana hati na wakili. Aliyepanga kibanda alipewa ahadi ya kodi ya miezi michache. Kama bilioni 50 zipo kwa ajili ya mto, makao ya aliyeondolewa yalipaswa kuwa kwenye bajeti ya kwanza.

Tukishapata bustani, ni nani ataitunza? Michuki Park, karibu na mzunguko wa Globe, ni bustani niipendayo, na historia yake inafundisha. Ilisafishwa wakati John Michuki akiwa waziri wa mazingira, ikaachwa, ikageuka jaa na gereji, kisha ikafufuliwa upya mwaka 2020. Karura iliokoka kwa sababu ilipata ua, walinzi kutoka vijiji vya jirani na ada ya kuingia. Mitaani Eastlands huwezi kutoza ada, kwa hiyo pesa za kutunza uwanja ziwekwe ndani ya mradi tangu mwanzo, kama zinavyowekwa za lifti.

Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, linashauri miji itenge asilimia 15 hadi 20 ya ardhi kwa nafasi za wazi za umma, mbali na barabara. Mimi ningeridhika na 15 katika kila mradi wa Eastlands, ikiwa itapimwa, kuwekewa mipaka na kusajiliwa kama ardhi ya umma kabla mkandarasi hajapewa ufunguo wa lango. Nitajibiwa kwamba nyumba zitapungua. Ndiyo, zitapungua kidogo. Tuanze kupunguza maegesho: tunajenga kwa ajili ya watu wanaotembea kwenda kazini huku tukiyatengea magari ardhi. Ardhi hiyo ikitosha, vizuri. Isipotosha, nitachukua nyumba chache na uwanja, kwa kuwa ghorofa linaweza kuongezwa mahali pengine mwaka ujao, ilhali sijui uwanja hata mmoja wa jiji hili uliorudi baada ya kujengwa.

Katiba inatupa makao yanayofaa katika kifungu cha 43 na mazingira safi katika kifungu cha 42, na haisemi tuchague moja. Inadai pia wananchi washirikishwe. Kwa hiyo mkutano ukiitishwa mtaani kwenu, ombeni mambo mawili mezani: mchoro unaoonyesha uwanja kwa namba ya ploti yake, na orodha ya wakazi inayowataja wa vyumba vya mabati kwa majina. Visipokuwepo, msitie sahihi daftari la mahudhurio, maana kesi ikifika mahakamani daftari hilo ndilo litakaloletwa kuthibitisha kwamba mliulizwa na mkakubali.