Kumbana mtoto pua ili ameze uji si kumlisha

Mtoto amelazwa mapajani, mikono imeshikwa, pua imebanwa. Akiachama apumue, uji unamiminwa. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hayo huitwa malezi. Mimi nayaita kumfundisha mtoto kukiogopa kikombe, na uji ukienda njia ya hewa unaweza kumletea nimonia.

Kuchagua chakula kati ya miaka 2 na 6 ni kawaida na hupita. Nazungumzia yule mwenye vyakula vinane vya kuhesabu, kisha sita, kisha vinne, huku mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka. Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza tatizo hili, kwa jina la ARFID, kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 2013, likijitegemea, kwa kuwa halitokani na hamu ya kuwa mwembamba. Wala si kudeka.

Wengine njaa hawaisikii sawasawa. Vijiko vitatu, basi. Wengine walikwamwa na mwiba wa samaki au walitapika vibaya, na tangu siku hiyo wanataka vya kunywa tu. Wanaosemwa vibaya kuliko wote ni wale ambao mdomo wao unahisi kupita kiasi. Bamia inateleza, harage lina ganda nje na unga ndani, mchuzi umegusa wali: kinyaa kinampanda mpaka anataka kutapika kweli. Chipsi na biskuti hazimshtukizi, leo zi vilevile kama jana. Watoto wengi wenye usonji wako hapa.

Kliniki kwanza. Meno mabovu, vidonda mdomoni, kufunga choo, minyoo na upungufu wa damu vyote hukata hamu ya kula. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Nyumbani, chakula kiwe na saa zake, kila baada ya saa mbili na nusu au tatu, katikati maji tu. Chai ya saa nne na juisi ya kumbembelezea ndizo zinazoua njaa ya mchana (na chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri). Sahani iwe na anachokila, na pembeni kijiko kimoja cha chai cha kitu kigeni. Hatakiwi kukila. Akiguse, akinuse, akilambe siku akitaka. Baada ya dakika 30, ondoa sahani bila hotuba. Huenda kikahitaji kurudi mezani mara 10, 15 au zaidi, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

Ongeza chakula kwa kubadili jambo moja tu: chipsi nyembamba, chipsi nene, viazi karai, kisha kiazi cha kuchemsha. Kosa baya ni kumfichia unga wa dagaa ndani ya uji anaouamini. Akigundua, na hugundua, uji nao unafutwa kwenye orodha. Ile ya “mwache, njaa itamfunza” huweza kufaa kwa mdekaji. Huyu atakaa na njaa mpaka adhoofike.

Akibaki na vya kunywa tu, akizidi kukonda au akizimia, mwahisheni hospitali. Mkiwa na daktari wa watoto, ombeni aonwe pia na mtaalamu wa lishe na wa saikolojia, na mwende na orodha ya kila alichokula na kunywa kwa siku tatu, biskuti za kwa jirani zikiwemo.