Kuta za darasa langu Minnesota, na kuta za Kidato cha Pili B

Huu ni mwaka wangu wa sita nikifundisha historia katika sekondari ya serikali huku Minnesota. Kabla ya hapo nilifundisha somo hilohilo miaka tisa mkoani Iringa. Nikipiga simu nyumbani, walimu wenzangu huniuliza habari za mshahara na baridi. Kuta hawaziulizii, na kwangu mimi ndizo zilizobadilika kuliko vyote.

Huku chumba ni cha mwalimu. Mlangoni pana namba na jina langu, ufunguo ninao mimi, na wanaohama ni wanafunzi. Kengele ikilia wanamwagika koridoni kwa dakika 5, mabegi mgongoni, kila mmoja na ratiba yake: huyu kemia, yule uchoraji, na wawili waliokuwa wamekaa bega kwa bega hawaonani tena mpaka kesho. Mimi nasimama mlangoni kuwapokea wanaoingia. Ni makundi matano kwa siku, na muhula ukigeuka Januari sura nyingine huwa ngeni kabisa.

Kwetu darasa ni la wanafunzi, mwalimu ndiye mpitaji. Unatoka ofisini na chaki, dasta, andalio la somo, ramani umeikunja kwapani. Unaingia kipindi, wanasimama, wanasalimu. Dakika 40 zikiisha rimu ya gari inagongwa kule nje, unafuta ubao, unampisha mwalimu wa Baiolojia. Ramani unaondoka nayo. Ukutani hakibaki kitu.

Huku ninachokibandika kinakaa mwaka mzima. Mstari wa miaka unazunguka kuta tatu, kuanzia juu ya mlango hadi dirishani. Kuna marekebisho 10 ya kwanza ya Katiba ya Marekani, kuna ramani, kuna bendera ya jimbo. Mei 2024 Minnesota ilibadilisha bendera yake. Ile ya zamani ilibeba nembo yenye mzungu analima shamba na mwenyeji wa asili amepanda farasi, akipita kwa mbali. Wanafunzi wangu waliishusha wenyewe, tukaiweka mezani, tukatumia kipindi kizima kuuliza ni nani aliyechora picha ile na alitaka tuamini nini. Mpya ina nyota tu juu ya rangi ya buluu. Vitu vingi vya ukutani nanunua kwa fedha yangu mwenyewe, na ni hivyo kwa walimu wengi hapa, kiasi kwamba sheria ya kodi ya nchi inamruhusu mwalimu kutoa kiasi fulani kila mwaka kwenye hesabu ya kipato chake kwa manunuzi ya darasa.

Lakini ukuta ninaoupenda ni ule wa nyuma. Upande wa kushoto niliandika Mankato, mji uliomo humuhumu Minnesota. Tarehe 26 Desemba 1862 Wadakota 38, wenyeji wa asili wa huku, walinyongwa pale na serikali ya Marekani kwa siku moja, baada ya vita vilivyotokana na ardhi waliyonyang'anywa na malipo ya ahadi yaliyocheleweshwa watu wakiwa na njaa. Upande wa kulia niliandika Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale viongozi wa Wangoni, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, alikuwa mmoja wa waliouawa katika adhabu ya vita vya Maji Maji. Katikati niliweka vichwa viwili. Taoyateduta, kiongozi wa Wadakota ambaye Wazungu walimwita Little Crow, aliuawa Julai 1863. Fuvu lake likaishia mikononi mwa Shirika la Historia la Minnesota, likawekwa watu walitazame, na wazao wake hawakukabidhiwa mabaki yake wazike mpaka 1971. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikufa 1898, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, kikatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kikarudi Kalenga, mkoani Iringa, 1954.

Mimi nimekulia karibu na Kalenga. Nimepeleka wanafunzi pale kwa basi la shule nisijue kuwa upande wa pili wa dunia kuna watu waliosubiri fuvu la mzee wao kwa muda mrefu kuliko sisi. Nilipoujua mkasa wa Taoyateduta nililia. Usiku huohuo nikaanza kukata karatasi.

Maelezo ya upande wa Songea niliyaandika kwa Kiswahili, na Kiingereza chini yake. Wiki ya kwanza binti mmoja wa Kisomali, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, alisimama mbele ya ukuta ule begi likiwa bado mgongoni. Akaanza kusoma kwa sauti. "Mwalimu, hii ni Kiswahili!" Kengele ya kipindi kinachofuata ikalia, hakuondoka. Nikamwandikia karatasi ya kuchelewa.

Ndipo nikakumbuka kwamba katika miaka tisa ya Iringa sikuwahi kuweka neno la Kiswahili ukutani. Kuta zetu zilikuwa na rangi ya mafuta hadi kifuani na chokaa juu yake, na maandishi pekee yaliyokuwapo yaliwaamuru wanafunzi waongee Kiingereza. Tulikuwa tunawafundisha watoto wa Kihehe habari za Lugalo, mahali ambapo mwaka 1891 babu zao waliwashinda Wajerumani, kwa lugha ambayo nusu yao walikuwa wanaikariri tu. Sasa mtaala mpya una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Ni jambo nililoliombea miaka mingi. Naomba lifike na ukutani.

Niliwahi kujaribu. Nilichora vita vya Lugalo kwenye manila nne, nikazibandika Kidato cha Pili B. Baada ya wiki mbili niliambiwa nizitoe, wakaguzi wanakuja, kuta ziwe safi. Nilipokwenda kuzitoa nilikuta mbili zimeshachanwa. Kwa muda mrefu niliumia kwa yote mawili. Leo lile agizo bado naliona kosa. Zile zilizochanwa nazielewa: nilikuwa nimebandika karatasi zangu kwenye nyumba ya watu bila kuwashirikisha.

Maana ilikuwa nyumba yao kweli. Wanafunzi 72 wanaokaa pamoja tangu Kidato cha Kwanza, wanafagia pamoja, wanaadhibiwa pamoja, wanajua nani hana viatu. Mmoja alipofiwa na baba yake, monita alipita dawati kwa dawati na daftari la rambirambi kabla sisi walimu hatujakaa kikao. Huku mtoto anaweza kufiwa na anayekaa naye kwenye historia asijue, kwa kuwa wanakutana chini ya saa moja kwa siku na kutawanyika. Nimeliona hilo mara mbili, na mara zote mbili nililisikia kutoka ofisini.

Kwa hiyo siungi mkono wenzangu wanaorudi kutoka nje wakitaka kila mwalimu apewe chumba chake na wanafunzi wawe wanahama. Tuachane hata na uhaba wa vyumba. Tukiwatawanya watoto kila dakika 40 tutavunja kitu ambacho shule za huku zinahangaika kukijenga kwa vikao na washauri, na hazikipati. Ninachotaka ni ukuta wa nyuma wa kila darasa wakabidhiwe wanafunzi wenyewe. Manila, makapeni, gundi. Mwalimu wa Historia aje na swali, wao watafute na waandike, kwa lugha wanayoijua.

Rafiki yangu anayefundisha shule yangu ya zamani alikubali kujaribu. Swali lake la kwanza lilikuwa: wazee wenu walifikaje hapa? Wiki iliyopita alinitumia picha. Ramani ya mkoa imechorwa kwa mkono, nyuzi zinatoka Kilolo, Mafinga, Ifunda, Kalenga, na uzi mmoja unatoka nje ya karatasi kabisa kuelekea Songea. Kona ya chini ililowa mvua iliyoingia dirishani. Wamekwishaibandika upya kwa uji wa ugali, na monita amepanga zamu ya kufunga lile dirisha.