Ofisi ya pwani ikifungwa, nani abaki gatini?

Mimi mtu wa Wete, Pemba, na sasa makazi yangu ni Swansea, Wales. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza iliifunga ofisi ya walinzi wa pwani iliyokuwa hapa jirani, juu ya jabali la Mumbles. Clyde na Forth za Scotland zilikwisha kufungwa 2012, na Great Yarmouth ya England 2013. Mtu akipatwa na dharura katika ghuba yetu, siku hizi simu yake hupokelewa Milford Haven, magharibi mwa Wales, na kituo kikuu kiko Fareham, kusini mwa England. Wenyeji walipinga sana: mtu wa mbali atavijuaje vijighuba vyetu?

Jamaa zangu wakisikia hivi huniambia: basi na sisi tufunge viofisi vya bandari ndogo, fedha za umma zipone. Hapo ndipo ninapokataa.

Huku ofisi ilifungwa, minara ya redio ikabaki, inasikilizwa kutoka mbali. Boti ya uokozi ya Mumbles ipo vile vile, na wengi wa mabaharia wake wanajitolea. Si ya serikali, ni ya RNLI, jumuiya iliyoanzishwa 1824 na inayoendeshwa kwa michango ya watu. Serikali iliweza kubana matumizi kwa sababu raia walikwisha kuibeba boti wenyewe, na mchango huo hauonekani popote kwenye bajeti.

Kwetu, nyuma ya ofisi kuna nini? Septemba 2011 Spice Islander ilitoka Unguja kuja Pemba, imeshona watu kupita kiasi, ikazama usiku kwenye mkondo wa Nungwi. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere, uwezo wake watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, Ziwa Victoria. Walikufa zaidi ya watu 220. Kabla ya kufikiria helikopta, vyombo hivi vilihitaji mtu gatini wa kuhesabu vichwa, mwenye mamlaka ya kumwambia nahodha: leo huondoki.

Mtasema maofisa walikuwepo na vyombo vikaondoka. Kweli, na inaniuma mpaka leo. Mlinzi akilala huamshwa, au huletwa mwengine. Kibanda chake hakibomolewi.

Anayetaka kufunga ofisi ya Wete au Mkoani, kwanza anioneshe redio itakayobaki, boti itakayotoka, na nani atahesabu abiria mkesha wa Idi.