Engine No. 1 waliishinda Exxon kwa sababu ya hela, sio mazingira

Ukitaja wawekezaji wanaharakati, yaani wanaonunua hisa ili waisukume kampuni ibadilike, lazima mtu akuletee stori ya Engine No. 1 na ExxonMobil, ile kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, na ni stori tamu kweli ila nadhani wengi wanaisimulia vibaya.

Kwa wasioijua: mwaka 2021 Engine No. 1, kamfuko kadogo ka uwekezaji ka San Francisco, kenye asilimia 0.02 tu ya hisa za Exxon, yaani kama dola milioni 40 hivi, kakasimamisha wagombea 4 kwenye uchaguzi wa bodi yenye viti 12, menejimenti ikamwaga mamilioni kuwabembeleza wanahisa wasiwape kura, mkutano mkuu wa tarehe 26 Mei ukafika, kura zikahesabiwa, kamfuko kakabeba viti 3. Watu wakashangilia eti mazingira yameshinda.

Mi siamini. Exxon 2020 walipiga hasara ya zaidi ya dola bilioni 22, Agosti mwaka huohuo wakatolewa Dow Jones, ile orodha ya kampuni 30 kubwa za Marekani, ambako walikuwepo tangu 1928. Wanahisa walikuwa na hasira tayari. Na hoja kubwa ya Engine No. 1 haikuwa barafu inayoyeyuka, ilikuwa kwamba bodi imekosa watu huru wanaoijua biashara ya nishati, ndo maana wakamleta Gregory Goff aliyetoka kwenye viwanda vya kusafisha mafuta, na Kaisa Hietala aliyetoka Neste, kampuni ya mafuta ya Finland. Hiyo lugha BlackRock na Vanguard, makampuni makubwa yanayosimamia hela za wawekezaji, wanaielewa bila mkalimani, na kura zao ndo zilizoamua, sio zile asilimia 0.02.

Hapo ndo penye ishu yenyewe. BlackRock na wenzake wanapiga kura kwa hela ambayo sio yao, ni akiba za watu wanaosubiri kustaafu na ambao wengi wao hata hawajui kulikuwa na uchaguzi. Mwanaharakati kazi yake ni kuwaamsha hawa wakubwa, wakikataa kuamka hana kitu.

(Na sisi huku msijione mbali, Exxon ndo mbia wa Equinor, kampuni ya mafuta ya Norway, kwenye gesi ya Kitalu namba 2, bahari ya Lindi. Halafu PSSSF, mfuko wa pensheni wa makato yetu, ni mwanahisa wa benki ya CRDB. We umewahi kusikia walipigaje kura kwenye mkutano mkuu? Mi bado, naona tunaulizia gawio tu.)

Sasa baada ya ushindi ikawaje? 2022 bei ya mafuta ikapaa, Exxon wakatengeneza faida ya karibu dola bilioni 56, na hasira zote zikaisha kimyakimya. 2023 wakatangaza kuinunua Pioneer, kampuni nyingine ya mafuta ya Marekani, kwa karibu dola bilioni 60, mafuta juu ya mafuta. Januari 2024 ndo wakanishangaza, wakawapeleka mahakamani Arjuna Capital na Follow This, wanahisa wao wenyewe, kisa wameleta pendekezo la kupunguza hewa chafu, na hata walipoliondoa Exxon hawakuifuta kesi.

CalPERS, mfuko wa pensheni wa California uliowaunga mkono Engine No. 1 mwaka 2021, wakachukia mpaka Mei 2024 wakapiga kura ya kuikataa bodi nzima, Hietala waliyemwingiza wenyewe akiwemo. Wote 12 wakarudi.