Hebu tuambieni na mchezo wenyewe

Ripoti za waandishi wa nje kuhusu maigizo ya Kyiv, mji mkuu wa Ukraine iliyo vitani na Urusi, siku hizi huanza na king'ora cha kuonya mashambulizi ya anga. Mchezo unasimama, watazamaji wanashuka handakini, hatari ikipita wanarudi vitini na waigizaji wanaendelea pale walipoishia. Mwandishi anasifu ujasiri, anamnukuu mama mmoja aliyetokwa na machozi, basi, kazi imekwisha. Mchezo ulihusu nini? Waigizaji waliuweza au waliboronga? Kimya.

Chukua Mchawi wa Konotop, onyesho la Ivan Uryvskyi katika Ukumbi wa Taifa wa Ivan Franko tangu 2023. Habari za tiketi zake kugombaniwa tumezisoma mpaka tumechoka. Kisa chenyewe, kilichotoka kwa Hryhorii Kvitka-Osnovianenko, mwandishi wa karne ya 19, hakielezwi sana. Kiongozi wa kikosi cha Makozaki, wapiganaji wa zamani wa Ukraine, anaamriwa apeleke askari wake mji wa Chernihiv. Haendi. Anashughulika kuwatosa wanawake bwawani ili ajue nani mchawi! Kichekesho hicho, mbele ya watu wenye ndugu zao vitani, kina makali yake. Hapo ndipo penye habari, si kwenye foleni.

Wasomi nao wana king'ora chao: kiwewe, ustahimilivu, ukinzani. Na wengi wao huanzia Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote, utadhani kabla ya hapo majukwaa yalikuwa matupu. Vita vilianza 2014, na kufikia 2017 Natalia Vorozhbyt alishaandika tamthilia kuhusu Donbas, eneo la mashariki lenye vita hivyo, iliyochezwa katika ukumbi wa Royal Court, London. Ukirudi nyuma zaidi unamkuta mwongozaji Les Kurbas, mwanzilishi wa kundi la maigizo la Berezil mwaka 1922, aliyepigwa risasi na utawala wa Kisovieti katika msitu wa Sandarmokh, Urusi, Novemba 1937 pamoja na Mykola Kulish, aliyekuwa akimwandikia tamthilia. Ukiwaruka hao, haya ya leo yataonekana kama uyoga ulioota usiku.

Kazi nzuri ipo, tusikatae. Ukumbi wa maigizo wa mji wa Mariupol, raia wakiwa wamejihifadhi ndani, ulipigwa bomu tarehe 16 Machi 2022, na nje yake palikuwa pameandikwa "watoto" kwa Kirusi, herufi kubwa za kuonekana kutoka angani. Halmashauri ya mji ikataja vifo kama 300. Shirika la habari la AP likawahoji manusura, likapitia nao mpangilio wa jengo, nani alikuwa wapi, likakadiria karibu 600. Amnesty, shirika la haki za binadamu, ikathibitisha vifo vya watu wasiopungua 12, huku ikiamini waliokufa ni wengi zaidi. Hesabu hazilingani, ndiyo, lakini angalau tunajua kila moja ilipatikanaje.

Baadhi ya waigizaji wa ukumbi huo walikusanyika Uzhhorod, mji wa magharibi mwa Ukraine, mwaka huohuo, wakaandaa mchezo kuhusu mshairi Vasyl Stus. Mara nyingi hutajwa kwenye aya ya mwisho, kama manusura. Mimi ningependa kusoma uhakiki wa mtu aliyekaa hadi pazia likashuka, akaniambia na wapi onyesho lilipwaya.