Gia za Plastiki Zitanitoa Roho
Nawauliza wenzangu wapenzi wa treni za mfano: ni nani aliyeamua kwamba injini nzito, yenye mota nzuri na parafujo ya shaba ya kuzungushia gia, itegemee kigia cha plastiki kidogo kuliko kifungo cha shati? Injini yangu ya kipimo cha 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli, nimeitunza miaka tisa ndani ya boksi lake, sijaiangusha hata mara moja, na juzi nilipoiweka relini ikaanza kuchechemea, tak, tak, tak, kama mzee aliyeteguka nyonga. Nilipoifungua nikakuta gia ina ufa mwembamba kama unywele, katikati ya jino na jino, kwa kuwa plastiki iliyobanwa kwenye ekseli ya chuma husinyaa mwaka hadi mwaka mpaka ikaachia. Yaani imepasuka ikiwa imelala!

Wataniambia gia za chuma zina kelele. Ni kweli, na plastiki nzuri hukimbia kimya kuliko paka. Lakini treni gani iliwahi kuwa bubu? Na hicho kigia, ukikiulizia dukani, utajibiwa kwa upole kwamba injini ya aina hiyo haitengenezwi tena.