Washenga na Jiko la Maranda

Baba mkwe alipostaafu alikosa watu wa kuwaamrisha, akahamia jikoni kwangu. Hapa Mafinga umeme ukikatika wakati wa mvua huulizi utarudi saa ngapi, unauliza siku gani. Kwa hiyo alipotangaza kwamba nyumba hii haina maandalizi ya dharura, sikuwa na la kubisha. Nina jiko la umeme, mtungi wa gesi wa kilo 6, na mkaa kwenye banda linalovuja. Mzee alivikagua vyote kimya, akaguna, akatoka. Akarudi na debe tupu la rangi na gunia la maranda.

Kwa wasiolijua jiko hili: sisi tumepakana na msitu wa Sao Hill, mashine za mbao zimejaa, na maranda mtu anajizolea. Unatoboa debe tundu ubavuni, chini kabisa, unachomeka kijiti cha kulala. Katikati unasimamisha chupa. Unashindilia maranda kuizunguka mpaka yagande, kisha unachomoa chupa na kijiti taratibu, inabaki njia ya hewa. Unawashia kwa chini. Likishika vizuri, makande yanaiva bila mtu kuchochea. Ila ni jiko la nje. Ukilipeleka ndani moshi wake utakufukuza, na usipokimbia utakumaliza.

Mzee alishindilia kwa mchi wa kinu changu. Alianza asubuhi, akanywa chai, akaendelea. Akanyunyiza maji yashikane, akashindilia tena. Halafu akaliweka stoo na chupa yake ndani, eti lisibomoke, akaandika kwa chaki: DHARURA. USIGUSE. Pembeni akaweka sanduku lenye viberiti vyote vya nyumba hii, mishumaa na tochi, akalipiga kufuli. Tangu hapo nikitaka kuwasha hata kibatari, naomba kibali.

Dharura yenyewe ilikuja Jumamosi moja, imefuatana na washenga kutoka Njombe waliokuja kumposa wifi yangu. Mvua ilinyesha, umeme ukaenda. Gesi nayo ikazimika kuku akiwa bado hajabadilika rangi. Mkaa ulishalowa. Nikamnong'oneza mama mkwe, lakini mzee ana masikio.

"Mwanangu, usihangaike," akasema, na uso umemng'aa. "Hii ndiyo dharura."

Mvua ilipotulia akataka debe liletwe uani, mbele ya wageni, ili waone wanaoa kwa watu wa namna gani. Akaishika chupa shingoni, akavuta. Debe zima likainuka nayo. Akalitua, akatabasamu, akavuta tena.

Mshenga mkubwa, mtu mzima mwenye suti ya kijivu, akaona haya kuketi tu. Akapiga magoti, akalikumbatia debe.

"Kaza, bwana!"

"Nimekaza, mzee. Vuta!"

"Mtaivunja hiyo chupa," mama mkwe akasema kutoka mlangoni. Nani alimsikiliza?

Chupa ikafyatuka. Baba mkwe akaenda chali mpaka kwenye mahindi, na maranda yakaruka juu. Yalipotulia, washenga wote wawili walikuwa mfano wa samaki waliopakwa unga wakisubiri mafuta yachemke. Mkubwa akapiga chafya. Mimi mkamwana, kucheka ni mwiko, nikaing'ata khanga yangu. Wifi, ambaye kwa desturi alipaswa kujificha ndani, akaangua kicheko dirishani, kwa hiyo posa ikawa imemwona mwali kabla ya wakati.

Bado moto. Ufunguo wa sanduku ulibaki kwenye mahindi. Tukautafuta kwenye tope, bila tochi, maana tochi nayo ilikuwa sandukuni, mpaka mshenga mdogo akatoa kiberiti mfukoni. Kumbe anavuta sigara, na alikuwa anaogopa kujulikana mbele ya wakwe. Akajaza debe upya kwa mkono, akatumia mpini wa mwiko badala ya chupa, akawasha. Kuku akaiva tukiwa tumeshakula maparachichi yote ya nyumba.

Kwenye mahari, mshenga mkubwa akakung'uta koti lake taratibu, akaliweka mezani. "Ng'ombe tumeafikiana. Mbuzi, naona tuangalie na hili."

Baba mkwe akakohoa. "Mmoja nitaondoa."

"Wawili," akasema mama mkwe gizani, "na hilo debe waondoke nalo."